Maswali ya wasomaji: Mbio za magari zitanogaje?

Toleo lililopita tuliomba wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini watuandikie nini kifanyike ili mbio za magari zinoge zaidi kutazamwa. Barua zimefika kutoka Mbeya, Iringa, Mafinga, Njombe na Tukuyu, na hazikubaliani hata kidogo. Tumechagua sita. Msimamo wa ukurasa huu tunauweka wazi mapema: mbio hunoga magari yanapoweza kukaribiana, na mtazamaji anapojua nani anamkimbiza nani. Pendekezo lisilogusa moja ya haya mawili tunalitilia shaka.

Mhariri, habari za kazi. Tunaangalia Formula 1 kwenye kibanda umiza hapa Mwanjelwa. Unaona kabisa gari la nyuma lina kasi, linamla wa mbele sekunde nzima kila mzunguko. Likishamfikia linaganda mgongoni mwake mpaka bendera ya mwisho. Kwa nini halipiti? Kwa nini wasiyapunguze tu hayo mabawa? – Msomaji, Mwanjelwa, Mbeya

Ndugu yetu, kinacholizuia gari hilo ni hewa iliyovurugwa. Gari la Formula 1 halishiki kona kwa matairi peke yake. Mabawa na sakafu yake hutumia hewa inayopita kulikandamiza gari barabarani, na hewa hiyo inatakiwa iwe imetulia. Gari la mbele likishaipasua, anayefuata anapokea mabaki yaliyochafuka. Kwa takwimu za Formula 1 wenyewe, magari ya kabla ya 2022 yalikuwa yakipoteza takribani asilimia 35 ya mkandamizo yakiwa mita 20 nyuma ya mwenzake, na asilimia 46 yakiwa mita 10.

Sasa fuata kinachotokea kwenye tairi. Mkandamizo ukipungua, gari linateleza kidogo kwenye kila kona. Kuteleza kunazalisha joto, joto likizidi mpira wa juu unapoteza ushikaji, na gari linateleza zaidi. Baada ya mizunguko mitatu au minne ya kung'ang'ania, dereva hana jinsi ila kurudi nyuma sekunde mbili apoze matairi. Pale kibandani watu husema ameogopa, kumbe tairi ndizo zimemrudisha.

Mwaka 2022 sheria zilibadilishwa ili sehemu kubwa ya mkandamizo itoke chini ya sakafu, ambako hewa chafu haisumbui sana. Hesabu za wakati ule zilionyesha hasara ingeshuka hadi asilimia 4 kwa mita 20 na 18 kwa mita 10. Msimu wa kwanza tofauti ilionekana kwa macho. Kisha wahandisi wa timu wakafanya kazi wanayolipwa kufanya: wakatafuta mkandamizo zaidi kwenye kingo za sakafu na bawa la mbele, uchafu wa hewa ukarudi, na kufikia 2024 na 2025 madereva walikuwa wanalalamika upya.

Lile bawa la nyuma linalofunguka ili gari likimbie zaidi kwenye mnyoofu, DRS, lilitumika kuanzia 2011 hadi 2025. Dereva aliruhusiwa kulifungua akiwa chini ya sekunde moja nyuma ya mwenzake kwenye mstari wa kupimia. Lilikuwa na kasoro mbili. Njia ya kulitumia ikiwa ndefu mno, wa mbele anapitwa kabla hata hajafika kona, bila nafasi ya kujitetea. Na magari matano yakifuatana kwa karibu, manne ya nyuma yote yanafungua bawa kwa pamoja, kati ya hayo manne hakuna linalopata faida juu ya jingine, na msafara unabaki ule ule. Kuanzia 2026 DRS imeondolewa. Mabawa ya mbele na ya nyuma yanasogea kwa magari yote, na anayefuata kwa karibu anapata nguvu ya ziada ya umeme. Magari nayo yamepunguzwa upana kutoka mita 2.0 hadi 1.9, na uzito wa chini umeshushwa kwa takribani kilo 30.

Hoja yako ya kupunguza mabawa tunaiunga mkono, tena kwa sababu ambayo hukuitaja: breki. Gari lenye mkandamizo mkubwa linashuka kutoka zaidi ya kilomita 300 kwa saa ndani ya mita mia na ushee tu. Kwa umbali huo mfupi, anayechelewa kukanyaga breki kuliko mwenzake anapata mita chache ambazo hazitoshi kumpita. Umbali wa kufunga breki ukirefuka, tofauti ya ujasiri na ufundi kati ya madereva wawili inaonekana. Pikipiki za MotoGP zimeanza kuharibikiwa kwa njia hiyo hiyo, na ndiyo maana kuanzia 2027 injini zake zinashuka kutoka cc 1000 hadi 850, mabawa yanapunguzwa, na vifaa vya kushusha kimo cha pikipiki vinapigwa marufuku.

Kamwene mhariri. Dawa mimi naiona ni moja. Aliyeshinda mbio iliyopita aanze wa mwisho, na mbio ya kufunga msimu iwe na pointi mara mbili. Hapo hakuna wa kusinzia. – Msomaji, Kihesa, Iringa

Pointi mara mbili zilishajaribiwa, ndugu wa Kihesa. Ilikuwa Abu Dhabi mwaka 2014. Mashabiki walizipinga tangu zilipotangazwa, na msimu uliofuata zikafutwa. Mwaka 2016 wakajaribu mtindo wa kuwatoa madereva mmoja mmoja kila baada ya sekunde 90 kwenye kusaka nafasi za kuanzia. Matokeo yake dakika za mwisho barabara ilikuwa tupu, kwa sababu madereva walikuwa wamemaliza matairi mapya na hawakuona faida ya kutoka tena. Ulidumu mbio mbili tu, Australia na Bahrain.

Ukiangalia vizuri, mitego hii yote inakosea mahali pamoja: inabadilisha thamani ya matokeo bila kubadilisha uwezo wa gari moja kulipita jingine. Ubingwa wa dunia wa rali nao ulijichanganya mwaka 2024 ulipogawa pointi nyingi kwa msimamo wa Jumamosi na nyingine kwa Jumapili peke yake. Kule Sweden, Esapekka Lappi alishinda rali lakini Elfyn Evans, aliyemaliza wa pili, akaondoka na pointi nyingi kuliko yeye. Ni vigumu sana kumweleza mtazamaji mgeni jambo kama hilo. Mwaka 2025 wakaurekebisha: mshindi wa rali anachukua 25 zake kamili, na Jumapili inabaki na pointi za nyongeza tu, ili walioachwa mbali wasiendeshe kivivu wakitunza matairi.

Kuanza kinyume kunafaa kwenye mbio fupi fupi za siku moja. Ubingwa wa magari ya saluni wa Uingereza unakuwa na mbio tatu kwa siku, na ya tatu sehemu ya mbele ya safu hupinduliwa. Pale magari yanalingana, yanagusana milango, na aliyeanza wa kumi ana uwezo wa kweli wa kufika mbele. Ukimweka mshindi wa Formula 1 nyuma kwenye barabara nyembamba, utakuwa umemzika tu.

Warudishe injini za zamani zenye kelele. Hizi za sasa zinalia kama cherehani. – Msomaji, Njombe mjini

Sauti ina raha yake, hatubishi. Injini za V10 (zenye silinda kumi) zilizoishia 2005, na V8 zilizofuata hadi 2013 zikizunguka mara 18,000 kwa dakika, zilitetemesha kifua cha aliyesimama uwanjani. Hizi V6 za tabo, yaani kifaa kinachoisukumia injini hewa ya ziada, zilizoingia 2014 zina kikomo cha 15,000, na tabo yenyewe inameza sehemu ya sauti. Ila kelele haibadilishi nani anampita nani, na kwenye runinga ya kibandani spika inaamua zaidi kuliko injini.

Ndaga fijo mhariri kwa ukurasa huu. Mbio za Monaco zinachosha. Mwaka 2025 waliwalazimisha wabadilishe matairi mara mbili, mbona bado zilikuwa vile vile? – Msomaji, Tukuyu

Kwa sababu barabara ya Monaco haipitiki. Mzunguko wake ni kilomita 3.337, wanauzunguka mara 78, na karibu hakuna sehemu pana na iliyonyooka ya magari mawili kuingia kona sambamba. Sheria ya 2025 ilimtaka kila dereva atumie seti tatu za matairi, kwa matumaini kwamba kuingia na kutoka kwenye vituo vya matairi kungechanganya msimamo.

Timu za katikati zikaona mwanya. Kuingia kubadilisha matairi kunagharimu takribani sekunde 20. Basi dereva mmoja wa timu anapunguza mwendo makusudi, sekunde kadhaa kila mzunguko, akijua hakuna awezaye kumpita. Mwenzake aliye mbele anafungua pengo la sekunde zaidi ya 20, anaingia kubadilisha matairi, anarudi bila kupoteza nafasi. Kisha wanabadilishana kazi. Waliokwama nyuma walikuwa wanaendesha kama wako kwenye foleni ya Mafiati jioni. Lando Norris alishinda kihalali kabisa, lakini nyuma yake mbio zilikuwa zimefungwa breki.

Dawa ya Monaco ni ya ujenzi: kurefusha mnyoofu mmoja wa kuingilia kona ya polepole. Mji ule umebanwa na bahari upande mmoja na majengo upande mwingine, kwa hiyo tusitarajie hilo karibuni.

Shikamoo mhariri. Rali ikija huku kwetu tunatoka alfajiri kwenda msituni. Gari linapita sekunde nne, tunakula vumbi, tunasubiri dakika mbili linapita jingine. Mpaka jioni hatujui nani anaongoza. Wafanye nini waandaaji, na sisi tufanye nini? – Msomaji (dada), Mafinga

Marahaba, dada. Hili ndilo swali lililotufurahisha kuliko yote, kwa kuwa jibu lake liko mikononi mwenu leo hii.

Kwenye rali mpinzani ni saa. Magari yanaachiwa kwa nafasi maalumu, mara nyingi dakika mbili, kwa hiyo gari linalopita mbele yako la kwanza si lazima liwe linaongoza. Unachohitaji ni orodha ya kuanzia yenye muda wa kila gari, saa ya simu inayoonyesha sekunde, ubao na chaki. Tuseme hatua, yaani kipande cha njia kinachopimwa muda, inaanza saa 4:00:00 asubuhi na ninyi mko kilomita ya nane. Gari la kwanza linapita saa 4:05:40, yaani limetumia dakika 5 na sekunde 40. La pili, lililoondoka saa 4:02:00, linapita saa 4:07:33. Limetumia 5:33, kwa hiyo linaongoza kwa sekunde 7. La tatu liliondoka saa 4:04:00, linapita saa 4:09:46, limetumia 5:46. Limeachwa sekunde 13 na la pili, na sekunde 6 na la kwanza. Andikeni ubaoni, uelekezeni kwa watu.

Kuna njia fupi zaidi ikiwa hamna orodha. Pimeni muda kati ya gari moja na linalofuata. Kama waliachana dakika mbili mwanzoni na mbele yenu wameachana dakika 1 na sekunde 53, wa nyuma amepata sekunde 7. Wakiachana dakika 2 na sekunde 6, amepoteza 6. Mkishaizoea hesabu hii, zile dakika mbili za kusubiri zinageuka kuwa utamu wenyewe: kundi zima linahesabu kwa sauti kuelekea dakika ya pili huku mngurumo wa injini unakaribia kutoka ndani ya misonobari.

Yanayoharibu hesabu ni haya. Gari likichelewa kuanza, au waandaaji wakiongeza nafasi kwa ajili ya vumbi, jumla yenu inapotea. Muwe na mtu kule mwanzo anayeandika muda halisi. Mtandao ndani ya msitu wa Sao Hill haushikiki kila mahali, kwa hiyo mtu huyo aandike kwenye karatasi na mpatanishe hatua ikiisha. Kidole cha binadamu nacho kinachelewa, hivyo tofauti iliyo chini ya sekunde moja msiitangazie ushindi. Chagueni alama moja isiyohama, kama jiwe au mti, na mpige saa gari zote zinapoifikia hiyo.

Waandaaji nao wana kazi. Kati ya Juni na Oktoba barabara zetu ni unga, na msituni hakuna upepo wa kuliondoa vumbi. Nafasi ya dakika mbili hapo ni ndogo. Dereva wa nyuma anaendesha akiwa kipofu na watazamaji hawaoni kitu. Dakika tatu au nne zinafaa zaidi kwa magari ya mbele. Mpangilio wa kuanzia una uzito wake pia: kwenye changarawe kavu gari la kwanza linafagia mawe madogo na kuwasafishia wenzake njia, ndiyo maana kwenye ubingwa wa dunia anayeongoza msimu huanza wa kwanza siku ya kwanza kamili, na siku zinazofuata wanaoongoza rali huwekwa mwishoni mwa magari ya juu. Hatua ipangwe ipite sehemu moja ya watazamaji mara mbili, ikiwezekana mbele ya kilima kinachotazama bonde, ambapo gari linaonekana kilomita nzima badala ya kona moja. Na spika ya matangazo iwepo, isomwe kila muda wa katikati.

Kuhusu pa kusimama hatutalainisha maneno. Simameni kwenye ukingo ulio juu kuliko barabara. Nje ya kona msisimame kabisa, kwa sababu gari likikosa breki linaelekea huko huko. Chini ya mteremko hapana, kwenye mdomo wa njia ya kuchepukia hapana, na mtu asikae chini wala kumgeuzia gari mgongo ili apige picha. Watoto wawe nyuma ya watu wazima. Mwaka 1986 kule Ureno, Ford RS200 ya Joaquim Santos iliingia kwenye watu waliojaa barabarani, watatu wakafa na zaidi ya 30 wakaumia. Baadaye mwaka ule ule Henri Toivonen na msoma ramani wake Sergio Cresto walikufa kule Corsica, na Kundi B, daraja la magari ya rali yenye nguvu mno kama hiyo Ford, likapigwa marufuku kuanzia 1987.

Hapa Mbeya tuna vijana wenye magari lakini kila tukishindana Subaru na Evo (Mitsubishi Lancer Evolution) zinashinda, mwenye Starlet anakuja kusindikiza. Tunataka kuandaa shindano la uwanjani watu waje wajae. Tulipangeje? – Wasomaji, Iyunga, Mbeya

Kwanza mjue mnachopambana nacho. Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa kiasi cha asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo inavuta hewa hiyo kama ilivyo, kwa hiyo yenye nguvu farasi 100 pwani, huku kwetu inatoa kama 85. Tabo inaweza kuzunguka kwa kasi zaidi na kufidia sehemu kubwa ya upungufu, isipokuwa kama imefungwa kizuizi cha hewa cha mashindano. Subaru na Evo hizo zina tabo, tena zinavuta kwa magurudumu manne juu ya vumbi. Starlet imeshashindwa kabla bendera haijashuka.

Fanyeni mbio za fidia. Chorani njia mbili sambamba zinazofanana, kila moja mita 200 hivi, zikiachana si chini ya mita 15, na koni 8 kwa kila njia zilizoachana mita 18 ili mwendo usizidi sana kilomita 60 kwa saa. Baada ya mstari wa kumalizia acheni mita 50 tupu za kusimamia. Kila gari lipewe majaribio matatu, na dereva atangaze muda wake. Starlet ikitangaza sekunde 31.4 na Subaru 27.9, Starlet inaachiwa sekunde 3.5 mbele. Kama wote wawili wanaendesha vizuri, watafika mstarini pamoja, na watu watasimama kila raundi.

Mjanja atatangaza muda wa polepole ili aachiwe mapema. Mzibeni kwa sheria moja: anayemaliza haraka kuliko muda aliotangaza amepoteza raundi. Wakivunja wote wawili, anashinda aliyevunja kwa kiasi kidogo zaidi. Koni iliyoangushwa iongeze sekunde 2, na mwamuzi wa njia anyooshe bendera pale pale. Adhabu inayotangazwa baada ya nusu saa inaua shangwe yote.

Njia mbili hazilingani kamwe hata mkizipima kwa kamba, hivyo kila jozi ikimbie mara mbili kwa kubadilishana njia, kisha mjumlishe matokeo ya mara zote mbili. Kwa muda, wekeni watu watatu wenye saa kwa kila njia na mchukue muda wa kati: ukiwa 29.8, 30.1 na 30.9, andikeni 30.1. Mmoja akikosea, kosa lake halimgusi dereva.

Udongo wa majivu ya volkeno wa upande wa Uyole unaruka kwa urahisi na kuelea muda mrefu. Mwagieni maji kwa boza jioni ya kuamkia shindano yapate kuzama, kisha kidogo tena nusu saa kabla ya kuanza. Msimwage katikati ya raundi, maana njia moja itageuka tope na mtagombana mpaka usiku. Kamba ya watazamaji iwe mita 30 kutoka njiani, pembeni tu. Kusiwe na mtu yeyote nyuma ya mstari wa kumalizia.

Ukaguzi ufanywe na fundi asiyeshindana: betri imefungwa isitikisike, pedali ya mafuta inarudi yenyewe, breki hazivutii upande mmoja, mkanda unashika, buti na kabini hazina spana wala jeki inayozunguka ovyo. Helmeti ni lazima. Mitungi ya kuzimia moto ya kilo 6 iwepo mwanzo na mwisho wa kila njia, na gari la wagonjwa likiondoka, shindano linasimama mpaka lirudi. Kabla ya kubandika tangazo lolote, onaneni na Automobile Association of Tanzania, ambayo ni mwanachama wa FIA (shirikisho la kimataifa la magari) hapa nchini, na polisi wa usalama barabarani wa mkoa. Peleka mchoro wa uwanja wenye vipimo vyote hivi, si barua ya maelezo peke yake, na waonyeshe pa kuingilia na pa kutokea gari la wagonjwa.